Fimbo za Dubai

Mwezi huu tuwape mawifi likizo, tuongelee gofu. Najua kuna ambao wameshaanza kufungua ukurasa wa pili: "Aah, mchezo wa wazee wenye hela zao." Subirini kwanza jamani. Nendeni Gymkhana au Lugalo hapa Dar Jumamosi asubuhi, muone vijana wa benki, wa makampuni ya simu, mawakili, wengine na wake zao. Na gofu ikishaingia ndani ya nyumba, inaingia na bajeti yake. Kwangu iliingia na kesi kabisa.

Mume wangu alianza mwaka jana, alialikwa na bosi wake. Akapata mwalimu pale klabuni, mchezaji wa kulipwa, mtu mzima sasa, aliyeanza utotoni kwa kubebea watu mabegi kama walivyoanza wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa. Ana kachumba pembeni ya uwanja. Mle anauza fimbo mpya chache, mitumba kiasi, glavu na mipira, na mshikio wa fimbo yako ukichakaa anakubadilishia. Siku moja mume wangu akamwomba ajaribu fimbo. Mwalimu akampa zaidi ya saa nzima. Alimpima kutoka kifundo cha mkono mpaka chini, akamwangalia anavyozungusha, akampa hii, akamnyang'anya, akampa ile. Mwisho akamwambia, "Chukua nusu seti hii ya mtumba, fimbo saba, zinakutosha kwa mwaka mzima. Laki saba." Mume wangu akajibu, "Mwalimu, nakuja Ijumaa."

Ijumaa hiyo alikuwa Dubai.

Alikwenda kikazi, sikatai. Ila jioni akaingia kwenye duka moja kubwa la vifaa vya michezo, lile la mabango mekundu ya punguzo kila kona. Akarudi na seti nzima mpya inayong'aa, fimbo 14, ambazo ndizo nyingi kuliko zote sheria za gofu inazomruhusu mtu kubeba tangu miaka ya 1938 na 1939. Mimi akaniambia ni laki tisa tu, "yaani bure, mke wangu". Risiti niliiona wiki mbili baadaye kwenye mfuko wa begi, nikitafuta funguo za gari. Nikapiga hesabu ya dirham kwa shilingi: milioni mbili na laki nne! Hapo sijagusa alicholipia ndege kwa begi la ziada.

Hayo tuliyamaliza chumbani, hayahusu gazeti.

Kinachohusu ni uwanjani. Mipira ikawa inakwenda kushoto, chini chini, kama inaogopa mvua. Viganja vinauma. Jumamosi ya tatu akaamua kurudi kwa mwalimu, na mimi nikaomba kumsindikiza (nilitaka kuona uso wake). Alifika na begi lile jipya begani, ameinamisha kichwa kama aliyerudi kwa mchumba wa zamani.

"Karibu shemeji," mwalimu akanisalimia mimi kwanza. Akaitoa ile ya chuma namba 7, akabandika mkanda wa karatasi chini ya kichwa chake, akamwambia mume wangu apige juu ya kibao. Alama ikabaki upande wa kisigino, ule ulio karibu na mchezaji. Akatuonyesha: mume wangu si mrefu, na fimbo za dukani zimetengenezwa kwa urefu wa mwanamume wa kati, hiyo namba 7 ni kama inchi 37. Mtu mfupi akiishika, kisigino kinagusa chini kwanza, uso wa fimbo unaelekea kushoto, na mpira unaufuata. Halafu shafti zile ni ngumu, zimekusudiwa mtu anayezungusha kwa kasi kubwa. Anayejifunza hawezi kuzikunja, kwa hiyo mpira haupandi.

"Si unikatie kidogo tu, Mwalimu?"

"Nusu inchi naweza. Lakini shafti ngumu ukiikata inazidi kuwa ngumu. Nitatibu mguu niharibu jicho."

"Na ile nusu seti?"

"Nilikuwekea wiki tatu, bwana. Nimeiuza juzi."

Hakusema kwa hasira, na ndicho kilichoniuma. Ile saa moja na zaidi aliyompa mume wangu ndiyo bidhaa yake kubwa, na sisi tuliichukua bure tukaenda kumlipa mtu wa Dubai ambaye hata urefu wa mteja wake hakuuliza. Dada zangu mnaijua hii: mwanamume anakula kwako mwaka mzima, kadi za harusi zinatoka na jina la mwingine.

Sasa nisieleweke vibaya, sijasema maduka makubwa ni ya wezi. Mpira ni mpira. Sheria inataka usizidi gramu 45.93 na upana wake usipungue milimita 42.67, uununue klabuni au Dubai, na wewe mgeni utaipoteza yote majini na porini hata hivyo. Mipira, glavu, mwavuli, vile vijiti vya kuwekea mpira, nunua panapouzwa rahisi, na mwalimu hatakununia. Pia yapo maduka makubwa siku hizi yenye chumba cha kupimia na mashine ya kusoma kasi yako. Uliza kama ipo, na uliza nani anaiendesha. Hapo ndipo penye utata. Kule Marekani, mwaka 2014, kampuni kubwa ya Dick's Sporting Goods iliwapunguza kazi mamia ya wachezaji wa kulipwa waliokuwa wakishauri wateja madukani mwake, kwa sababu biashara ya gofu ilikuwa imeshuka. Fimbo zilibaki kwenye rafu, waliojua kuzieleza wakaondoka. Miaka miwili baadaye Golfsmith, lililokuwa kati ya majina makubwa ya maduka ya gofu kule, likafilisika, na Dick's ndio wakanunua sehemu kubwa ya mali zake. Kwa hiyo hata huo ukubwa wenyewe si wa kuutegemea sana.

Na bei ikishuka mno kwenye mtandao, kaa chonjo. Fimbo feki zipo, tena zimeigwa vizuri.

Mwalimu naye ana kasoro zake, lazima niseme ukweli. Kachumba kake ni kadogo. Ukitumia mkono wa kushoto utahangaika. Na mimi nilipopata hamu (ndiyo, nimeanza, cheka tu) alinipa fimbo za kiume zilizokatwa. Nilizishika nikaona mzigo. Nikamuuliza, "Mwalimu, si ndiyo kosa lile lile la shemeji yako? Umekata, zimezidi kuwa ngumu." Akacheka mpaka akakaa. Akakubali kwamba fimbo za kike hana, na kuziagiza kwake zitakuja kwa bei ya juu, maana huleta mbili tatu tu na ushuru wake.

Ndipo nikamwomba kitu ambacho kumbe hakuna mteja aliyewahi kumwomba: nikulipe kupima peke yake. Alishangaa. Tukakubaliana elfu hamsini. Akanipima vizuri, akanipigisha mipira kama thelathini, halafu akaandika kwenye karatasi: shafti laini, urefu, unene wa mshikio, na fimbo zipi nisinunue mwaka huu hata zikiwa na punguzo. Karatasi hiyo sasa iko kwenye pochi ya mume wangu. Mwezi ujao anakwenda tena Dubai, na safari hii bajeti tumeiandika wote wawili, nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa mwandiko wangu.

Yeye mwenyewe anasubiri mtumba mwingine wa kwa mwalimu. Amelipa na masomo kumi kabisa, kabla ya kuulizwa.

Ile seti ya Dubai ipo koridoni, nikipita naigonga mguu. Kama una futi sita na mkono mzito, tuelewane. Risiti ninayo mimi.