Wacheni E-Type, Nipeni MGB

Leo najua nitakosana na wengi. Kila wiki mnaniwekea picha za Jaguar E-Type, ati ndiyo gari ya michezo kali zaidi kuwahi kutoka Uingereza. Ni mrembo, sikatai. Lakini bei yake imefika mahali mwenyewe anaogopa hata ishikwe na vumbi. Mkiniwekea funguo mbili mezani, mimi nachukua MGB.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kutoka 1962 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya 500,000. Si kwa sababu ya mbio. Injini ni silinda nne, sisi 1,798, nguvu za farasi kama 95. Kufika maili 60 kwa saa inachukua karibu sekunde 12. Wasee wa Subaru mnacheka, nawaona. Ni sawa, mtaniacha kwa mataa.

Sasa fungua boneti. Hakuna kompyuta, hakuna plastiki imefunika kila kitu. Gari ikikataa kuwaka, ama ni moto haufiki ama ni petroli. Unatoa plagi, unaangalia cheche, unajua uanzie wapi.

Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili. Nilikuwa nimechora injini kwa daftari mpaka nikachoka, na sikuwa nimeshika hata moja. Kabureta ya kwanza kufungua maishani ilikuwa SU ya MGB, kwa gereji ya mzee mmoja anayeitengeneza yake pole pole. Akaniambia, "Fungua tu, kijana wangu, haina siri." Ndani kuna pistoni inapanda na kushuka kulingana na hewa ile injini inavuta. Chini yake kuna sindano imechongoka, pistoni ikipanda sindano inapanda nayo, petroli nyingi inapita. Basi. Dakika kumi nikaelewa kitu nilikuwa nimefeli kwa mtihani. Nilikasirika, kusema ukweli.

Shida iko nazo. Nyaya na taa ni za Lucas, kampuni ambayo ilibandikwa jina Mfalme wa Giza. Kutu nayo inapenda kuanzia chini ya milango, na hapo ndipo nguvu ya bodi iko, kwa hivyo usidanganywe na rangi mpya. Na zile za kuanzia mwisho wa 1974 ziliwekwa bampa nyeusi za mpira na kuinuliwa juu kwa sababu ya sheria za Marekani. Hizo zinayumba kwa kona. Tafuta ya bampa za kromu.

Lakini spea? Tangu 1988 kuna kampuni Uingereza, British Motor Heritage, inauza bodi nzima mpya ya MGB. Gari iliisha kutengenezwa 1980!

Kama guka wako ako na moja imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, nitafute inboksi. Spana nakuja nazo.