Kumchagua Mkuu wa Kituo cha Vijana

Mama mpendwa, huenda umeombwa kuketi katika bodi itakayomwajiri mkurugenzi wa kituo cha vijana. Usivutwe na ufasaha wa maneno peke yake.

Huko New York, Marekani, shirika la Covenant House huwapa hifadhi vijana wasio na makao. Mwaka 1990 mwanzilishi wake, Padri Bruce Ritter, alijiuzulu kwa tuhuma za mwenendo mbaya na vijana, tuhuma alizozikana. Michango ilipungua sana. Bodi ikamwajiri Sista Mary Rose McGeady, aliyekuwa amehudumia watoto wenye shida kwa miaka mingi. Taratibu imani ya wafadhili ilirudi, naye aliongoza hadi mwaka 2003.

Basi mwombaji akifika mbele yenu, mwulizeni: Umewahi kuwatunza vijana wapi? Nani atakagua hesabu zako? Kijana akiwa na malalamiko juu yako, ataenda kwa nani? Kisha waulizeni waliofanya kazi chini yake.

Anayechukizwa na maswali hayo, hata kama anasifika kwa uchaji, msimkabidhi watoto wa wenzenu.