Bunduki Haioti Shambani

Bunduki haioti shambani kama muhogo. Kila bunduki ina mtu aliyeitengeneza, aliyeiuza, aliyeivusha mpaka, na pengine aliyeikodisha kwa usiku mmoja. Lakini ng'ombe wakishaswagwa na mchungaji akalala chini na risasi kifuani, wote hao wanayeyuka. Anabaki kijana mmoja kizimbani, pekupeku, na watu wanatikisa vichwa: "Aa, Wakurya ndivyo walivyo."

Huo ni uvivu wa kufikiri! Sisi wa Itiryo tumeimbiwa wimbo huo mpaka wengine tunauitikia. Wizi wa mifugo ulikuwepo tangu enzi za mishale, sikatai. Lakini vita vya Uganda vya 1978-79 vilipokwisha, bunduki za kivita ziliingia vijijini kwetu, na ng'ombe wa wizi akawa bidhaa ya kuvushwa kwenda kuuzwa Kenya. Hiyo si mila tena, jamani. Ni biashara, na biashara ina wenye faida.

Wenzetu wamejaribu kuwafuata wenye faida mahakamani. Kule Marekani sheria ya 2005 inawakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha wasishitakiwe kwa uhalifu wa wateja wao. Hata hivyo, familia tisa za waliouawa katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 zilipenya kwenye upenyo mdogo: namna bunduki ile ilivyotangazwa. Mwaka 2022 bima za kampuni ya Remington zikakubali kulipa dola milioni 73. Mexico nayo ilishitaki mwaka 2021, ila Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa kesi hiyo kwa kauli moja.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Njoo hapa Nyamongo. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliua kwa risasi watu wasiopungua watano kwenye mgodi wa North Mara. Mwaka 2013 wanavijiji wakaishitaki London kampuni ya African Barrick Gold, iliyokuwa na mgodi wakati huo. Hoja yao ilikuwa nyepesi: aliyefyatua ni polisi, lakini anayenufaika na ulinzi ule naye ajibu. Kampuni ilikana, na mwaka 2015 wakapatana nje ya mahakama. Madai mengine yalifika Ontario, Kanada, mwaka 2022. Novemba 2024 jaji akasema pale si mahali pake.

Mtu ataniuliza: hivi muuza panga naye ashitakiwe? Hapana, bwana! Panga linafyeka shamba. Mimi namsema anayempa mtu risasi gizani, bila kibali, huku akijua kesho yake kutakuwa na matanga. Huyo hauzi chombo, anauza kifo. Sheria yetu ya silaha ya 2015 inataka muuzaji awe na leseni, na asiye nayo anaadhibiwa. Vizuri. Lakini faini inakwenda serikalini. Mjane anapata nini? Watoto watasomeshwa na nani? Aliyekula faida alipe ada ya shule ya yatima. Ndiyo haki ninayoidai.

Na sisi vijana tunaotaka kuitwa waandishi, tusijitoe. Fungua hadithi zetu za majambazi: bastola inatokea ukurasa wa pili kama imeshuka na mvua, na ukurasa wa mwisho jambazi anatiwa pingu. Mbona hatuandiki habari za mzee yule mwenye duka, mstaarabu, anayechangia harusi za watu, na stoo yake ina kisanduku kisichofunguliwa mchana? Tunamwogopa, au tumemzoea?

Mwandike huyo. Mahakama ikishindwa kumwita, hadithi imwite kwa jina la kubuni. Wanakijiji watamjua wenyewe.

Naomba kutoa hoja.