Mtuachie Hata Vumbi Letu

Niko huku kilimani Chimwaga, kwenye jua na upepo. Mitihani imeisha, bumu limeisha, hasira ndiyo haijaisha. Leo naandika kuhusu baiskeli na wala sitaandika kwa upole, kwa hiyo mwenye gari jipya avute kiti akae vizuri.

Hoja yangu ni moja tu. Dodoma tuna njia za vumbi ambazo mtu wa baiskeli anaweza kwenda nazo siku nzima bila kupigiwa honi, na tunazifuta moja moja kwa uzio, kwa viwanja na kwa barabara kubwa, bila hata kujiuliza tunafuta nini. Halafu kesho kutwa tutaita wataalamu watuchoree upya "njia za waenda kwa miguu na baiskeli" kwa mabilioni. Subirini muone.

Kwanza tuelewane ninaongelea nini. Shuka kutoka huku chuoni kuelekea Ng'hong'onha, acha lami, shika njia ya changarawe. Utapita mashamba ya mtama na uwele, utapita mibuyu ambayo ilikuwepo kabla ya reli, utaingia korongo la mchanga ambalo kiangazi halina hata tone la maji. Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna upande wa Mvumi, kuna Bihawana kwenye zabibu, kuna Hombolo kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1957. Mto wetu, Kinyasungwe Ndogo, ndio unaolilisha lile bwawa, na miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Miji ya wenzetu ina mito ya maji, sisi tuna mito ya mchanga. Ni yetu hiyo hiyo.

Raha yake ina masharti, sidanganyi. Utoke alfajiri kabla upepo wa mashariki haujaamka, maana ukiamka ukiwa unarudi utalia. Kwenye mchanga unapunguza upepo kidogo kwenye tairi, unakaa nyuma, usukani unaushika kama yai. Na ubebe kiraka, solusheni na pampu, kwa sababu mbigili za Dodoma hazijui kama wewe ni mwanachuo au mbunge. Zinatoboa tu.

Sasa twende kwenye ugomvi. Nikiyasema haya napigwa kutoka pande tatu.

Upande wa kwanza ni washikaji zangu wenyewe. "Baiskeli? Umefulia?" Yaani msomi akionekana juu ya baiskeli ni kama katangaza kufilisika. Ofisi moja mjini, ambayo siitaji, mlinzi alinizuia getini nisiingize baiskeli, na nyuma yangu pikipiki tatu zikapita bila kuulizwa. Nikamuuliza, kaka, tofauti ni nini? Akacheka tu. Ile cheko ndiyo ugonjwa wenyewe! Tumefundishwa kwamba maendeleo ni kitu chenye injini.

Lakini hebu amkeni saa kumi na mbili asubuhi mtazame hizo njia. Utakuta baba kafunga madumu manne ya lita 20 kwenye keria, hizo ni kilo 80 za maji, anapanda mlima. Utakuta kijana na gunia la mahindi anaenda mashineni. Msimu wa zabibu, ambazo hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, utakuta zinatoka shambani kwa baiskeli hadi barabarani. Mkoa huu umebebwa na Phoenix na Swala kabla hata bodaboda haijajulikana. Unamcheka nani sasa? Unakicheka kilichokulisha.

Upande wa pili ni wale wanaosema huu ni uzungu. Eti kuendesha baiskeli porini bila mzigo ni mambo ya watalii. Haya, nendeni Kenya. Tangu mwaka 2021 kuna mashindano ya baiskeli kwenye njia za changarawe huko Maasai Mara, na wanaoshindana na wageni wanaotoka Ulaya na Marekani ni vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda. Mkenya Suleiman Kangangi, mmoja wa waliobeba jina la Afrika Mashariki kwenye mchezo huu, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Mtu kaufia mchezo juu ya changarawe, wewe unaniambia si wetu?

Na kihistoria ndiyo kabisa. Nchi hii ya Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mpwapwa, Kilimatinde, hivyo vilikuwa vituo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote walilipa hongo kwa watemi wa Wagogo ndipo wakapita na kupata maji. Njia yenyewe ilikuwa ya miguu, nyembamba, ya vumbi, na ilibeba pia watumwa na pembe za ndovu, kwa hiyo siyo ya kuimbia sifa tu. Ni ya kukumbuka. Tangu mwaka 2006 iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO. Sasa mtu akikwambia kusafiri kwenye vumbi la Ugogo ni uzungu, mwambie hao wazungu walilipa ushuru hapa.

Upande wa tatu ndio mgumu, na hao nawaheshimu. Wanasema: "Mdogo wangu, wewe unacheza na baiskeli, mama mjamzito wa kijijini anataka lami afike hospitali." Kweli kabisa. Sina ubishi na lami ya mama huyo, na nikiwa diwani naipitisha asubuhi. Ila mniambie ni wapi imeandikwa kwamba lami ikija njia ya zamani ife?

Maana ndivyo inavyokuwa. Lami inawekwa juu ya njia ile ile ya watu, pembeni inaachwa kingo kali na mtaro. Basi la mkoani likija na lori likija, mwenye baiskeli na madumu yake anatupwa nje. Mama kafika hospitali haraka, sawa, na mumewe naye kaletwa hospitali hiyo hiyo kavunjika mguu. Hayo ndiyo maendeleo?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba Dodoma haikupangwa hivyo. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, ikaundwa CDA, na mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu wa mji uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Ule mpango uliweka mtu mbele na gari nyuma: makazi ya watu yaunganishwe kwa njia za mabasi, za miguu na za baiskeli. Mwaka 1976 jamani! Leo miji ya Ulaya inabomoa barabara za magari kutafuta kitu ambacho sisi tulikuwa nacho kwenye karatasi kabla wengi wetu hatujazaliwa.

CDA ikavunjwa mwaka 2017, mji ukapandishwa kuwa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa, sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi. Hao wote wanahitaji viwanja, naelewa. Ikaja na barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, kuanzia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu, kurudi Nala. Tazama hayo majina kwenye ramani uone: ni duara linalozunguka mji mzima. Kila njia ya vumbi inayotoka mjini kwenda kijijini lazima ikutane nalo. Barabara ya magari ya kasi ikikutana na njia ya baiskeli bila kivuko, ni nani ataisha?

Wenzetu walifanyaje? Kuna njia ya baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau Ujerumani hadi Vienna Austria, zaidi ya kilomita 300. Watu wanatoka dunia nzima kwenda kuiendesha, wanalala kwenye nyumba za wageni za vijijini, wanakunywa mvinyo wa pale pale. Unajua sehemu kubwa yake ilikuwa nini zamani? Vijia vya farasi waliokuwa wakikokota mashua! Farasi wakastaafu, vijia havikuuzwa viwanja. Basi. Siri yenyewe ni hiyo tu. Na sisi mvinyo tunao, vijia tunavyo, wageni wanashuka treni ya SGR tangu mwaka 2024.

Kwa hiyo sidai lami wala taa. Nadai vitu vitatu, na vyote ni vya bei ya karatasi na kalamu. Moja, njia za vumbi zinazotumika ziingizwe kwenye ramani ya viwanja kama njia, upana wa mita tatu, kabla mpimaji hajapiga bikoni. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazipa barabara kuu hifadhi ya mita 60. Sisi tunaomba tatu! Mbili, kila barabara kubwa inapokata njia ya kijiji, kiwekwe kivuko salama cha watu, mifugo na baiskeli. Tatu, makorongo yasijengwe, kwanza kwa sababu mvua ikija yatakubomolea nyumba, pili kwa sababu kiangazi ndiyo barabara zetu.

Na nyie wanachuo wenzangu mnaojiita wasomi, mnaosubiri bajaji nusu saa kwenda umbali wa dakika kumi na tano za pedeli, acheni kucheka. Njia isiyopitwa na mtu ndiyo ya kwanza kuuzwa. Ukitaka ibaki, ipite. Jumamosi alfajiri mimi nashukia Ng'hong'onha. Baiskeli yoyote inafaa, hata ya kuazima kwa fundi, ilimradi breki zishike.

Naomba kutoa hoja.