Kuokota makopo si kichaa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu tabia ya kutupa takataka ovyo, na hasa kuhusu dharau wanayoipata wale wachache wanaookota takataka zilizotupwa na wengine. Juu ya jambo la kwanza wasomaji wenzangu wameandika sana. Juu ya la pili nimeona machache.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naishi hapa Dar es Salaam, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Kati ya kituo hicho na nyumba yangu upo mtaro wa maji ya mvua. Kila asubuhi nilikuwa napita hapo, naona chupa za maji, makopo, maganda ya machungwa na vikaratasi vya karanga, nami nalaumu. Nililaumu makondakta, nikalaumu abiria, nikalaumu wahusika wa usafi, nikalaumu vijana wa siku hizi. Kwa lawama zangu zote hakuna hata kopo moja lililotoka mtaroni.

Mvua za masika zilipokuja mtaro uliziba, maji yakapanda, na uchafu ule wote ukaja kukaa mlangoni kwangu. Ndipo nilipochukua kiroba kitupu nikaanza kuokota. Nusu saa tu kila asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Siku ya tatu daladala ilisimama. Kondakta akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu!" Nikamwitikia marahaba, maana nilimfahamu. Nilimfundisha tangu darasa la kwanza. Kisha akawageukia abiria wake akasema, "Jamani, Mwalimu wangu ameanza kuokota makopo!" Gari zima likaangua kicheko.

Ndugu wasomaji, nyote mnajua maana ya maneno hayo. Mtu akisemwa kwamba anaokota makopo, maana yake akili zimemruka. Nakiri kwamba niliona aibu, nikarudi nyumbani kabla kiroba hakijajaa. Lakini mchana kutwa nilijiuliza: Je, kati yangu na yule anayetupa kopo, nani hasa amepungukiwa na akili?

Tuliangalie kopo lenyewe. Likilala kando ya njia na kuingia maji ya mvua, linakuwa nyumba ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengi hahitaji bwawa. Maji kidogo yaliyotuama katika kopo, kifuu cha nazi au tairi bovu yanamtosha kutaga, na anauma mchana watu wakiwa kazini na watoto shuleni. Jiji letu lilipatwa na dengi mwaka 2014, likapatwa tena mwaka 2019. Chupa nayo ikiingia mtaroni inazuia maji machafu, na maji hayo yanaingia majumbani na visimani. Hapo ndipo kipindupindu kinapopata njia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu wa daladala hata hamjui atakayekula naye, kwa kuwa ametupa na gari limeondoka.

Sasa nataka kusema jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Kijana yule alijifunza wapi kwamba kuinama na kuokota uchafu ni fedheha? Nimelitafakari sana swali hili, na jibu ni kwamba nilimfundisha mimi. Shuleni kwetu mtoto akichelewa namba, adhabu yake ilikuwa kuokota makaratasi uwanjani. Akipiga kelele darasani, aliokota makaratasi. Mtoto mwema alikaa darasani akisoma, na mkosaji alikuwa nje ameinama. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa taifa hili kwamba anayeokota ni mtu aliyefanya kosa. Leo wamekuwa watu wazima. Wanamwona mtu anaokota, nao wanajiuliza amekosa nini, au amerukwa na akili. Kosa hilo si la shule moja tu, na walimu wenzangu wanaosoma barua hii wanajua kwamba sisemi uongo.

Wapo walioniambia, "Mwalimu, acha, kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo." Ni kweli wapo. Wapo akina mama wanaofagia barabara alfajiri sisi tungali tumelala. Lakini mama yule akimaliza kufagia saa kumi na mbili, saa moja barabara imekwisha kuchafuka. Mshahara wake haununui haki yetu ya kumrudishia kazi nyuma yake. Wapo pia vijana wanaookota chupa tupu na kuziuza kwa kilo. Vijana hao tunawaita majina mabaya, kumbe wametuondolea mzigo mkubwa bila sisi kuwalipa chochote.

Wengine wamesema kwamba mimi nawadekeza watu, kwani wakiona naokota ndipo watatupa zaidi. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba penye uchafu ndipo watu wanapoongeza uchafu. Mahali palipo safi mtu anasita kidogo kabla ya kutupa. Siokoti ili wengine wapate kutupa. Naokota ili anayetaka kutupa asipate kisingizio kwamba amekuta wenzake wametupa.

Nchi yetu imepata kuifahamu heshima ya kazi hii. Mwaka 1973 ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Tarehe 9 Desemba 2015, kipindupindu kikiwa kimetusumbua tangu Agosti ya mwaka huo, sherehe za Uhuru zilifutwa na siku hiyo ikafanywa ya usafi nchi nzima. Hayati Rais John Magufuli alitoka Ikulu akaokota takataka kwa mikono yake. Siku ile hakuna aliyesema kwamba Rais anaokota makopo. Kama haikuwa aibu kwa Rais, kwa nini iwe aibu kwangu au kwa kondakta?

Sheria ni nzuri, lakini peke yake haitoshi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na mabadiliko tumeyaona. Lakini mkono uliozoea kutupa mfuko sasa unatupa chupa. Ni mkono huo unaopaswa kufundishwa.

Kwa hiyo natoa maombi yafuatayo. Kwanza, walimu waache kabisa kuufanya usafi kuwa adhabu. Waokote wote pamoja, mwalimu akiwa mbele. Pili, wenye daladala na mabasi waweke ndoo au kikapu ndani ya gari, na kondakta amwambie abiria asitupe nje, kama anavyomwambia asogee nyuma. Tatu, halmashauri ziweke mapipa vituoni na kuyazoa kwa wakati, maana pipa lisilozolewa ni jaa jingine tu. Nne, sisi wananchi tusafishe mbele ya milango yetu bila kungoja kuhimizwa. Anayeokota avae glavu au mfuko mikononi, kwa kuwa katika takataka kuna vioo na sindano.

Mimi nimerudi kwenye mtaro wangu, na naendelea. Kijana yule bado ananiamkia, na bado ananitania. Ila nimegundua kwamba siku hizi akiwa na chupa tupu mkononi haitupi mbele yangu. Anangoja mpaka gari lipite kona. Sisemi kwamba amebadilika. Nasema ameanza kuona haya kwa jambo linalostahili kuonewa haya, nami nitaendelea kuokota mpaka kona ile nayo niifikie.



Mwalimu Mstaafu,
Dar es Salaam.