Mechi ya kwanza ni ya ugali, ya pili ni ya choroko

Ukipita Nyahanga, hapa Kahama, msimu wa ndondo, utaikuta hadithi ileile. Mechi ya kwanza vijana wanakimbia kama swala. Baada ya siku mbili wanarudi uwanjani, na dakika ya 30 tu winga yuleyule ameshika paja, kakaa chini. Shabiki mmoja anasema dogo karogwa. Mwingine anamlaumu kocha.

Mimi huwa nina swali moja: juzi baada ya mechi, huyu dogo alikula nini?

Tuwekane sawa kwanza. Pancha ina sababu nyingi: uwanja mgumu, kutopasha misuli, kukesha. Na dakika 90 zinachezwa kwa wanga. Ugali, wali, viazi, michembe, hiyo ndiyo petroli. Anayekwambia mchezaji aache ugali ale nyama tupu, anakudanganya.

Lakini protini ndiyo fundi gereji. Misuli iliyochakazwa kwa kukimbia, kuruka na kupigwa viatu inajengwa upya kwa protini. Gari linaweza kuwa na tangi limejaa, bila fundi litalala gereji. Ndiyo maana timu zetu zinatisha Jumamosi, Jumatatu zinakata moto.

Twende kwenye hesabu. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Wewe shabiki wa kilo 70, gramu 56 kwa siku zinakutosha. Mchezaji aliye kwenye mazoezi ni habari nyingine. Wataalamu waliokutanishwa na UEFA wanataja gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kilo. Winga wetu wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 96.

Sasa tazama sahani yake. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana anaruka kwa sababu yuko kwenye bodaboda, usiku ugali na mchicha. Piga hesabu utakavyo, hafiki hata nusu.

Kinachouma ni kwamba dawa iko mlangoni. Mkoa wa Shinyanga unalima choroko, dengu na karanga. Ng'ombe tunao. Dagaa wa Ziwa Victoria wako kila soko. Dogo akinywa glasi ya maziwa anapata gramu 8. Mayai mawili, 12. Karanga konzi mbili, 15. Bakuli la choroko, 15. Konzi ya dagaa wakavu, 17. Jumlisha 20 za ugali na 8 za zile chapati zake, tayari ana 95. Hapo hatujachinja hata kuku.

Tena choroko na ugali ni mabeki wa kati wanaoelewana. Protini ya mahindi ina upungufu ambao kunde na maharage zinauziba. Bibi zetu hawakusoma lishe, lakini kwenye hili walikuwa makocha wazuri.

Kuna makosa mawili. La kwanza, kushinda njaa halafu kufidia kwa sahani moja ya nyama usiku. Mwili unaitumia vizuri zaidi protini ikigawanywa, gramu 20 hadi 25 kila mlo. Na mchuzi wa supu peke yake usikudanganye. Protini kubwa imebaki kwenye nyama aliyokula mwenzako.

La pili ni poda za kopo. Vijana wanajinyima chakula ili wanunue kopo ambalo hawajui lina nini. Likiwa na dawa iliyokatazwa, kwenye vipimo anayebeba msalaba ni mchezaji, siyo muuza duka.

Ukanda huu siyo mgeni wa mpira mkubwa. Stand United, Mwadui na Geita Gold wote wamecheza Ligi Kuu, na wote wakashuka. Msimu wa 2021/22 Geita Gold walimaliza nafasi ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Sisemi walishuka kwa kukosa choroko. Mpira una mambo mengi, pesa ikiwa ya kwanza.

Ninachosema ni hiki. Timu isiyo na pesa ya kushindana na Simba na Yanga kwenye usajili inatakiwa kutafuta faida za bei rahisi, na sufuria la choroko kambini ni mojawapo.

Kwa hiyo viongozi wa timu zetu za Nyahanga, kabla hamjachangisha jezi ya pili, changisheni gunia la choroko na debe la dagaa. Jezi itapendeza kwenye picha. Gunia litamrudisha winga wetu uwanjani Jumatatu.