Waliorejea Oman

Mwandishi wa makala kuhusu Oman ametaja, na kwa haki, mafuta yaliyoanza kusafirishwa mwaka 1967, na Sultani Qaboos aliyemwondoa baba yake, Said bin Taimur, Julai 1970, katika nchi ambayo shule zake zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na malango ya Maskati yakifungwa kila usiku. Ila ameghafilika na wale wenye asili ya Oman waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, ambao wengi wao, kwa elimu waliyokwisha kuipata, waliitikia wito wa Sultani wa kurejea na kushika kazi za wizara, shule na hospitali, wakisemezana Kiswahili afisini, jambo ambalo, wala si siri, halikuwaridhisha wenyeji wote. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos hakikufunguliwa ila 1986. Pengo la miaka ile walilizibaziba wao, pamoja na Wamisri na Wahindi.